Arlys Aliyegeuza Basi Kurudi

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa saba mchana, ving'ora vya Tolvik vinalia mji mzima na hakuna anayeshtuka. Kinyozi anaendelea kunyoa. Anayepima unga anaendelea kupima. Wanaoitikia ni mbwa, pamoja na watoto wa shule wanaoshindana kubweka kuliko mbwa. Ni majaribio, ya kimbunga na ya Mtambo wa nyuklia ulio kando ya mto, kwa pamoja, na mtu wa Tolvik akisikia king'ora Jumatano hiyo anachofanya ni kurekebisha saa yake tu.

Ndiyo maana walimcheka Arlys Tvedt kwa miaka zaidi ya thelathini.

Alikuja hapa akiwa bi harusi, ametoka magharibi kwenye mashamba ya ngano, huko ambako king'ora kikilia unakimbilia chumba cha chini ya nyumba, maswali baadaye. Akapata kazi ya kuendesha basi la shule. Sasa, kila nyumba iliyo karibu na Mtambo wa nyuklia hupelekewa kalenda kila mwaka. Mbele kuna picha za bata na maua ya mto, nyuma kuna ramani ya njia za kutorokea siku mambo yakiharibika. Watu wa Tolvik wanaitundika kwa ajili ya bata. Arlys aliisoma nyuma.

Basi Jumatano moja ya mwezi wa tano akawa amebeba chekechea, anawarudisha kwao, king'ora kikalia. Akasimamisha basi. Akatazama kando ya mto, akaona mvuke wa Mtambo unapanda mweupe, mnene, kama unavyopanda siku zote, lakini yeye hakuwa amekaa hapa muda wa kutosha kujua siku zote ni zipi. Hakuona hata mtu mmoja anayekimbia. Akadhani wameshaondoka.

"Kaeni chini, wanangu," akawaambia. "Leo tunasafiri."

"Tunaenda wapi, Bi Arlys?"

"Kwenye ng'ombe."

Akageuza basi. Akapita nje ya mageti waliposimama mama zao, wanapunga mikono, naye akawapungia, hakusimama. Akavuka daraja, akashika njia ya kwenye ramani mpaka wilaya ya pili, kwenye viwanja vya maonyesho ya mifugo ambako ramani ilisema watu wote watapokelewa. Hakukuwa na wa kupokea. Kulikuwa na mzee mmoja anakata majani kwa mashine.

"Kaka, nishikie hawa," Arlys akasema.

"Niwashike wa nini?"

"Wape maji. Usiwaache waende barabarani. Mimi narudi kuchukua wengine."

Akaondoka. Mzee wa watu akabaki na chekechea nzima imemng'ang'ania suruali.

Arlys alikutana na polisi wa wilaya pale darajani, nyuma yake msururu wa magari ya wazazi. Polisi akamsimamisha, akaja dirishani.

"Mama, mbio zote hizi wapi?"

"Kuchukua darasa la kwanza! Kwa nini watu wamekaa tu? Hawasikii?"

Polisi akavua kofia, akajikuna kichwa. "Mama," akasema pole pole, "leo ni Jumatano."

Hiyo hadithi Tolvik hawakuichoka. Akiingia mgahawani, mtu anaita, "Arlys, kesho Jumatano, umejaza mafuta?" Harusini watamwambia bwana harusi ajihadhari, Bi King'ora yuko hapa, atakuibia wasimamizi. Watu wa hapa hawatukani. Wanakutania tu, kwa upole, hadi siku wanakuzika. Na Arlys alicheka pamoja nao, maana ungefanya nini.

Mtu mmoja hakucheka. Wendell Ostrom, ndiye aliyekuwa mkuu wa Mtambo enzi hizo, mrefu, mkimya, mwenye masikio makubwa. Wiki ile ile alikuja mlangoni kwa Arlys na kofia mkononi.

"Bi Tvedt, ungependa kuja kuona?"

"Kuona nini?"

"Kile ulichokuwa unakikimbia."

Akaenda. Wakamvika ovaroli jeupe na viatu vya mpira juu ya viatu vyake, wakampitisha mlango baada ya mlango, kila mmoja mzito kuliko wa nyuma. Arlys alitarajia mashine zinazonguruma, moshi, watu wanakimbizana. Mlango wa mwisho ulipofunguka akakuta maji. Bwawa, ndani ya nyumba, limetulia kabisa, maji safi mpaka unaona chini kabisa, na chini ni mbali. Wendell akasema kitu na taa zikapunguzwa.

Chini ya maji palikuwa panawaka.

Bluu. Lakini si bluu ya anga, wala ya ua, wala ya kitu chochote alichowahi kukipa jina hilo. Haikumetameta. Ilikuwepo tu, imekaa katikati ya zile fito za urani zilizokwisha kutumika, ikitoka humo bila sauti, kama kitu kinachofikiri. Arlys alishika chuma cha ukingo. Alikuwa ameingia makanisa mengi maishani, na hakuna hata moja lililowahi kumfanya asahau kufunga mdomo.

"Zimekwisha kutumika hizo," Wendell akasema.

"Zimekwisha, na bado?"

"Na bado. Hapa tuliposimama, kinachotutenga nazo ni maji tu."

"Maji haya haya?"

"Maji tu, kama haya ya kunywa."

Arlys akainama zaidi juu ya ukingo. Halafu akauliza swali ambalo baadaye aliliona la kitoto: "Inalala saa ngapi?"

"Hailali," Wendell akasema. "Hata sisi tukizima kila kitu, yenyewe hailali. Ndiyo kazi yetu, Bi Tvedt. Kukesha nayo."

Wakati wa kutoka, akivua viatu vya mpira, Wendell akamwambia bila kumtazama: "Mjini wanacheka kwamba uliondoka. Mimi nililoambiwa na polisi ni kwamba alikukuta unarudi. Tumeandika mipango hapa, makaratasi ya kujaza gari. Sikuwahi kuwa na uhakika kama yupo mtu atakayerudi."

Arlys hakumwambia mtu yeyote. Si siri, hapana. Ni kwamba hakuna aliyemuuliza isipokuwa kwa utani, na kitu kile hakikuwa cha kujibia utani.

Wendell alikufa, mume wa Arlys akafa, watoto wa chekechea wakaota ndevu. Mtambo ukazeeka. Leseni yake ilikuwa imeshaongezwa mara moja, sasa inakaribia kwisha tena, na wenye Mtambo wakaomba miaka ishirini mingine. Serikali ikatangaza itakuja kuwasikiliza watu, kwenye ukumbi wa michezo wa shule, kila mwenye la kusema aseme.

Na mwezi huo huo Arlys akaenda kwa daktari, kwa sababu leseni ya basi la watoto nayo haiongezwi hivi hivi ukishafika umri wake.

"Soma mstari wa chini," daktari akasema.

"Upi huo?"

Daktari akaweka kalamu chini. Arlys akaelewa.

"Mwaka huu umepenya, Arlys, kwa bahati tu," daktari akasema. "Mwakani sitii saini. Na usiniletee keki."

Hapo ndipo tatizo lilipokaa. Zamani madereva wa mabasi ya shule walijaza meza mbili mgahawani. Siku hizi wilaya nzima imebaki na madereva wanne, wawili wao wanatumia fimbo. Vijana wanaenda kuendesha malori, mshahara mzuri, mizigo hairushiani makombo ya biskuti. Lakini mpango wa kwenye kalenda haujabadilika: kila basi litoe watoto, liwafikishe kwenye viwanja vya mifugo, ligeuze, lirudi kuchukua wengine. Mabasi hayatoshi kwa safari moja. Hayajawahi kutosha. Arlys akitoka kwenye kiti chake, kuna watoto fulani, wana majina, wanakaa viti fulani, ambao siku hiyo watasimama mlangoni mwa shule kusubiri basi lisilo na mtu wa kuligeuza.

Alikuwa hajamwambia mtu. Na watu, bila kujua hilo, walikuwa wanamgombania.

Wa kwanza alikuwa Curtis Bruhn. Curtis anafanya kazi chumba cha kuongozea Mtambo, ndiye mtu anayekaa mbele ya vipimo na taa, zamu kwa zamu. Binti yake Junie anapanda basi la Arlys. Na Curtis mwenyewe alikuwa ndani ya basi lile la Jumatano, chekechea, pua inatiririka.

"Bi Arlys, utatusemea, si ndiyo?" akamwambia asubuhi moja akimpandisha Junie. "Wewe watu wanakupenda. Ukisimama useme Mtambo uendelee, mzigo umekwisha."

"Watu wananicheka, Curtis."

"Ndiyo kupendwa kwenyewe huko."

Wa pili ni Marit, mdogo wake wa tumbo moja, aliyehamia Tolvik baada ya ndoa yake kuvunjika, na ambaye hajawahi kuusamehe ule Mtambo kwa kuonekana kwenye dirisha la jikoni lake. Marit ana mabango gereji nzima.

"Dada, wewe ndiye ushahidi," Marit akasema, anamenya viazi kama viazi vimemkosea. "Uliogopa ukakimbia! Simama uwaambie. Kitu kimejengwa wakati tunavaa suruali za miguu mipana, leo kinaomba miaka ishirini? Hata friji langu halina umri huo."

"Friji lako ulilinunua bovu."

"Usinibadilishie mada. Uko upande gani?"

Arlys akachukua kiazi naye akaanza kumenya. Ukimuuliza mtu aliyeiona ile bluu yuko upande gani, ni kama kumuuliza yuko upande gani wa mto. Kitu kile kilimtisha. Kitu kile pia kilimfanya, kila alipowasha taa ya jikoni, asimame kidogo na kidole bado kwenye swichi.

Jioni ya mkutano ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi za watazamaji. Wafanyakazi wa Mtambo upande huu na fulana zao, watu wa Marit upande ule na mabango yao, na nyuma kabisa meza ya akina mama wa kanisa: birika kubwa la kahawa na sinia za keki za vipande, za limau, za karanga, za chokoleti. Hapo pande zote mbili zilikutana bila shida yoyote. Na kama kawaida sinia zikaisha, kikabaki kipande kimoja cha limau, na hapo ndipo mtu wa Tolvik utamjua. Kipande cha mwisho hakichukuliwi. Atakuja mmoja akikate nusu, achukue nusu. Atakuja mwingine akate nusu ya nusu. Mwisho kinabaki kitu unachoweza kukivuta kwa pua, na bado hakuna wa kukimaliza, maana kumaliza ni kujitokeza, na kujitokeza hapa ni aibu kuliko njaa.

Mwenyekiti alikuwa mama wa serikali anaitwa Bi Haddix, mtaratibu, sauti ya mwalimu. Mbele kuna kipaza sauti kwenye nguzo. Watu wakaenda mmoja mmoja. Fundi wa umeme akasema Mtambo ulimsomeshea watoto. Mfugaji akasema haogopi Mtambo, anaogopa ukifungwa shule nayo itafungwa. Marit akapanda akauliza hizo fito zilizokwisha zitakaa wapi, miaka mingapi, na nani atazichunga wajukuu zetu wakishazeeka. Watu wa fulana wakaguna, lakini Arlys alimtazama mdogo wake na kuwaza: ameuliza swali la Wendell, la nani atakesha nayo, bila kujua.

"Arlys Tvedt," Bi Haddix akaita.

Mtu nyuma akapuliza mdomoni sauti ya king'ora, ndogo tu. Ukumbi ukacheka, pande zote mbili. Curtis alimwonyesha kidole gumba. Marit aliinua bango.

Arlys akafika kwenye kipaza sauti, kikapiga kelele, akakirudisha nyuma.

"Ni kweli, leo si Jumatano," akasema. Wakacheka tena. Akangoja wamalize. "Mimi niliwahi kuuona ule mwanga wa chini ya maji. Mzee Ostrom alinionyesha. Sijui kuueleza, kwa hiyo sitaueleza. Nilichotoka nacho mle ni kwamba kile kitu hakilali, na kwamba kuna watu wanakesha nacho. Wengine mko hapa. Sikuwahi kuwashukuru, asanteni."

Upande wa fulana ukaanza kupiga makofi. Akanyanyua mkono.

"Sijamaliza. Mimi macho yamekwisha. Mwakani sitaendesha. Mtambo ukiendelea au ukifungwa kesho, ule mwanga utakuwepo bado, na watoto watakuwepo bado. Mpango unasema basi litageuza na kurudi. Nataka kujua atakuwa nani ndani. Hilo tu."

Hakuna aliyecheka. Marit aliteremsha bango taratibu. Hakuwa anajua habari ya macho.

Bi Haddix aliinamia kipaza sauti chake, na ukweli ni kwamba uso wake ulionyesha uchungu. "Bi Tvedt, nashukuru sana. Ni lazima niwe mkweli kwako. Hapa tunakagua vyuma, zege, nyaya, jinsi zinavyozeeka. Mipango ya kuhamisha watu husimamiwa muda wote, kwa njia nyingine, si kupitia leseni hii. Nitaufikisha ujumbe wako wanakohusika. Lakini dereva, mama yangu... dereva siwezi kumwandika mimi."

"Najua," Arlys akasema. "Sikuwa nakuuliza wewe."

Akageuka. Akawapa mgongo watu wa serikali, akawatazama watu wa Tolvik.

Kimya. Kile kimya cha hapa, cha kila mtu kuangalia viatu vyake akimngoja jirani. Walikuwa wengi pale wenye mikono miwili na macho mazima. Ungeweza kuwaona wanaitaka ile nafasi ya kusema ndiyo, na ungeweza kuwaona wanavyoona aibu kuwa wa kwanza. Birika la kahawa lilisikika likichemka.

Curtis akasimama.

"Mimi siwezi," akasema, na sauti haikuwa yake. "Siku hiyo mimi nitakuwa ndani ya Mtambo, sitoki. Junie atakuwa shuleni." Akawageukia watu. "Mimi nilikuwemo mle ndani ya basi. Miaka yote nimekuwa nikisimulia vile tulivyompita mama yangu getini. Sijawahi kusimulia ile nyingine. Tulishuka, nikamshika yule mzee suruali, nikaangalia nyuma. Nikamuona Bi Arlys anageuza basi. Alikuwa analia na anageuza basi. Aliamini kule kunaungua, jamani. Na alikuwa anarudi huko huko."

Akakaa.

Sijui kama kuna neno la kile kilichopita ukumbini. Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliowahi kumcheka tangu utoto walikuwa wanamtazama bibi mmoja mfupi mwenye sweta la kijani kama vile ameingia mlangoni dakika hiyo, mtu mgeni, mkubwa kuliko mlango. Mfugaji alivua kofia yake. Aliyepuliza king'ora alikuwa ameweka kiganja mdomoni na hakukiondoa.

Na katikati ya kimya hicho Marit akainuka. Hakuelekea kwenye kipaza sauti. Alitembea moja kwa moja mpaka nyuma, kwenye meza ya keki, akaona kile kijipande cha limau kilichobaki, kimeshakatwa nusu mara tatu, na akakichukua. Chote. Mbele za watu. Akakitia mdomoni, akatafuna, akajifuta vidole kwenye sketi.

Mama mmoja wa kanisa alivuta pumzi kwa sauti.

"Haya, nimekimaliza," Marit akasema, mdomo umejaa. "Mtambo siupendi na sitaupenda. Nitaupinga mpaka nife. Lakini funguo za hilo basi nipeni mimi. Na kama nyie wanaume mnaogopa kuwa wa pili, basi hata wa pili naweza kuwa mimi, nitakuja na wigi."

Hapo ukumbi ukapasuka, kicheko na machozi pamoja, na mikono ikaanza kuinuka, mmoja kule, miwili huku, fulana na mabango, kwa sababu kipande cha mwisho kilikuwa kimeshaliwa na aibu imekwenda nacho.

Majibu ya leseni ya Mtambo bado. Mambo hayo huenda pole pole, mafaili yanasomwa, vyuma vinapigwa picha, na Marit anaandika barua za kupinga kila wiki. Anaziandikia ndani ya basi, akisubiri watoto watoke.

Jumatano ya kwanza ya mwezi, baada ya Marit kupata leseni ya basi, walifanya njia yote, basi tupu, Marit kwenye usukani na Arlys nyuma, kiti cha dirishani, magoti yamembana kwa sababu viti vile ni vya watoto.

"Dada, nishushe gia hapa?"

"Angalia kioo kwanza. Kisha uombe. Kisha ushushe."

Walifika viwanja vya mifugo, wakageuza. Marit aligeuza vibaya, akapanda ukingo, akalitukana basi, akageuza tena. Wakarudi. Walipokuwa katikati ya daraja ikagonga saa saba, ving'ora vikaanza kulia juu ya mto mzima, na mbwa wa Tolvik wakaitikia, na Marit hakupunguza mwendo.

Arlys alikuwa amepita daraja lile miaka yote hiyo macho yakiwa barabarani. Hakuwahi kukaa dirishani. Sasa aliegemeza paji la uso kwenye kioo, kama Junie anavyofanya, na Mtambo ukaja wote mbele yake: ule mvuke mzito unapanda juu, juu, mpaka unakuwa mawingu na huwezi kusema umeishia wapi. Macho yake hayakuona kingo. Aliona weupe tu, mkubwa, unapumua, na mahali fulani chini yake, ndani ya maji yaliyotulia, ile bluu ikiwa macho.

"Umenyamaza," Marit akasema. "Nimekosea?"

"Hujakosea," Arlys akasema. "Endesha."